Boksi la Biriani na Mizani ya Tumbo

Bismillahir Rahmanir Rahim

Sifa zote njema ni za Allah, Mola wa viumbe vyote, anayemlisha mwenye kushukuru na asiyeshukuru. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake, masahaba zake, na kila anayeifuata njia yao mpaka siku ya malipo. Ama baad.

 Nakuusia wewe, na ninaiusia nafsi yangu, kumcha Allah msikitini na sokoni, mbele ya watu na mbele ya sahani.

Naam, mbele ya sahani. Karatasi ya Ijumaa hii inazungumza juu ya chakula. Mji wetu wa Kolwezi, ambao tangu mwaka 2015 ni makao makuu ya jimbo la Lualaba, umejaa watu wa kila taifa waliofuata shaba na kobalti. Kila taifa limekuja na chungu chake. Wahindi wa maduka na wa makampuni wamekuja na biriani, kuku wa mchuzi mzito, dengu, naan na sambusa. Leo si wao peke yao wanaokula. Mshahara ukitoka, baba anapiga simu, wewa anakuja na pikipiki yake, boksi linashushwa mlangoni lingali la moto, na harufu yake inajaa uwanja mzima.

Basi maswali yanakuja, na yanaulizwa mara nyingi baada ya sala. Wa kwanza anauliza: je, chakula hicho ni halali? Wa pili ameambiwa na daktari kwamba ana sukari, au tansio yake imepanda, naye anauliza: je, biriani nimeiaga kabisa? Wa tatu amemwona mwenzake akihesabu kalori kwenye simu kabla ya kula, akamcheka. Anasema hiyo ni tabia ya Wazungu, kwamba Mwislamu anakula riziki yake, anasema alhamdulillah, basi. Je, anayehesabu chakula chake amekosa kumtegemea Allah?

Maswali haya matatu yana jibu moja refu. Tulitazame polepole.

KWANZA: CHAKULA CHENYEWE

Asili ya chakula ni halali mpaka ije dalili ya kukiharamisha. Wali ni halali, dengu ni halali, mboga, maziwa, samli, bizari, iliki na karafuu ni halali, hata kama mpishi si Mwislamu. Katika Surat al-Maida, aya ya 5, Allah ametuhalalishia pia chakula cha watu waliopewa Kitabu. Penye haja ya uangalifu ni nyama. Wahindi si watu wa dini moja. Wako Waislamu, wako Wahindu, wako Wakristo, wako Masingasinga. Kuku aliyechinjwa na Mwislamu, kisha akapikwa na Mhindu katika chombo safi, ni halali kwako. Kuku aliyechinjwa na Mhindu si halali, hata kama aliyekuletea mlangoni anaitwa Abdallah. Basi usiulize mpishi ni nani tu. Uliza nyama imetoka kwa mchinjaji gani, na vyombo vimegusa nini. Uliza kwa adabu, kama mgeni mwema. Mwenye duka mwaminifu hachukii kuulizwa. Ukikosa jibu la kueleweka, agiza dengu, mboga na wali, ule kwa amani.

Hapo mlango wa halali umefunguka, na ukishafunguka si juu yako wala juu yangu kuufunga. Katika sura hiyohiyo, aya ya 87, Allah amewakataza walioamini kujiharamishia vitu vizuri alivyowahalalishia. Mtume wetu (s.a.w.) hakuwa mtu wa kununia chakula. Abu Huraira (r.a.) amepokea, katika Bukhari na Muslim, kwamba hakukitia chakula aibu hata mara moja: akikitamani alikila, asipokitamani alikiacha. Bibi Aisha (r.a.) ameeleza kwamba alipenda kitu kitamu na asali. Anas (r.a.) alimwona kwenye mwaliko wa fundi cherehani akivitafuta vipande vya boga ndani ya sahani, na tangu siku ile Anas naye akalipenda boga. Tazama, mtumishi anakumbuka miaka yote kwamba bwana wake alipenda boga. Basi kufurahia chakula si upungufu wa imani. Ukila biriani nzuri na moyo wako ukafurahi, ukamsifu aliyeiotesha mpunga wake, umekula na umefanya ibada.

PILI: KALORI NI NINI

Wengi wanalitaja neno hili bila kulijua. Kalori ni kipimo cha moto. Chukua maji kilo moja, yaani kama litri moja, uyape moto mpaka joto lake lipande digrii moja. Moto uliotumika hapo ndio kalori moja, ile inayoandikwa kwenye pakiti za chakula. Mama anayepika kwa makala anaelewa haraka: makala mengi katika mbabula, moto mwingi. Mwili nao ni mbabula. Chakula ni makala yake. Kwa moto huo moyo unapiga, mguu unatembea, na mchimbaji anainua nyundo.

Mwishoni mwa karne ya 19, Mmarekani mmoja aitwaye Wilbur Atwater alipima vyakula vingi kwa njia hii, na hesabu zake zinatumika mpaka leo. Gramu moja ya wanga, kama bukari, wali au mkate, ina kalori kama 4. Gramu moja ya protini, kama ile ya nyama na maharagwe, nayo kama 4. Lakini gramu moja ya mafuta ina 9, zaidi ya mara mbili. Hapo ndipo ilipo siri ya boksi letu.

Tulifungue. Wali vikombe viwili vilivyopikwa: kama kalori 400. Mafuta au samli katika mchuzi, tuseme vijiko vikubwa vitatu: kama 360, kwa maana kijiko kimoja kina kama 120. Naan moja: kama 260. Soda moja ya chupa ndogo: kama 140, na hiyo ni sukari tupu, gramu kama 35. Jumla imeshapita 1100, na bado hatujamhesabu kuku wala sambusa. Mwanamke mzima asiyefanya kazi nzito hukadiriwa kuhitaji kama 2000 kwa siku nzima, na mwanaume kama 2500. Mchimbaji anayebeba magunia anahitaji zaidi. Karani anayekaa kwenye kiti kuanzia asubuhi anahitaji pungufu. Basi karani aliyemaliza boksi peke yake saa mbili za usiku, akalala, amejaza makala ya nusu ya siku katika mbabula ambayo haina chungu juu yake. Moto huo utaenda wapi? Unawekwa akiba, nayo ni mafuta ya tumbo.

Lakini tusiwasingizie Wahindi. Sombe letu likiogeshwa katika mafuta ya mawese, hayo mafuta nayo ni kalori 9 kwa gramu. Mikate ya kukaanga ya asubuhi imekunywa mafuta pia. Mlima wa bukari unaobaki na shimo la kidole upande mmoja tu, nao ni wanga. Na jikoni kwa Mhindi kuna vyakula vyepesi kwa anayejua kuchagua. Dengu ya mchuzi mwepesi inashibisha. Maziwa mgando yenye tango yanapoza pilipili. Na kuku wa tandoori anaokwa katika joto la tanuri, hakaangwi. Neno tandoori ni ndugu wa neno letu tanuri, na tanuri limetajwa katika Qur'ani, katika kisa cha Nabii Nuhu (a.s.). Watu wa nchi hii ya shaba hawahitaji kufundishwa tanuri ni nini. Wazee waliofua shaba hapa zamani waliitwa walaji wa shaba, kwa sababu ndiyo iliyowalisha. Nao walijua kwamba tanuri linataka makala kwa kipimo: yakipungua shaba haiyeyuki, yakizidi ni hasara.

TATU: KUHESABU NA KUTEGEMEA

Sasa tumjibu yule anayecheka. Je, kupima chakula ni tabia ya Wazungu?

Kabla Atwater hajazaliwa, kwa zaidi ya miaka 1200, Waislamu walikuwa wanasoma hadithi ya al-Miqdam bin Maadikarib (r.a.), aliyoipokea Tirmidhi. Maana yake ni kwamba mwanadamu hajazi chombo kilicho kiovu kuliko tumbo, kwamba matonge machache ya kumsimamisha mgongo yanamtosha, na kama hana budi kuzidisha, basi aligawe tumbo mafungu matatu: fungu la chakula, fungu la kinywaji, na fungu la pumzi. Hiyo ni nini kama si mizani? Mtume (s.a.w.) hakutupa namba. Alitupa kipimo ambacho hata asiyejua kusoma anacho, popote aendapo, bila simu. Ukinyanyuka kwenye mkeka na pumzi yako ina nafasi, umehesabu vizuri.

Na katika Surat al-Aaraf, aya ya 31, Allah ametuamrisha kula na kunywa, kisha akatukataza israfu, akatujulisha kwamba hawapendi wafanyao israfu. Amri na katazo ziko ndani ya aya moja. Anayekula bila kipimo amechukua nusu ya aya. Anayejinyima kwa hofu naye amechukua nusu.

Maana wako pia wa upande wa pili. Wako waliofanya kalori kuwa bwana wao. Wanaalikwa kwa ndugu, wanageuza sahani kwa kidole, wanauliza mafuta mangapi, mpaka mama aliyepika anaona haya. Wako vijana wanaojitesa kwa njaa kwa sababu ya picha walizoziona kwenye simu. Abdallah bin Amr (r.a.) alipozidisha kufunga na kusimama usiku, Mtume (s.a.w.) alimkumbusha kwamba mwili wake una haki juu yake. Ibada yenyewe imewekewa kiasi, sembuse kujitesa kwa ajili ya kioo. Hesabu ni mtumishi. Ikiwa bwana, inakuwa wasiwasi, na wasiwasi unajulikana unatoka kwa nani.

Kwako wewe mwenye sukari: mwili ni amana, na kuhesabu kwako ni kuilinda amana. Usione haya. Kula fungu dogo la wali, zidisha mboga na dengu, acha soda, kunywa maji. Usiache dawa kwa sababu umepunguza chakula, wala usiache kipimo cha chakula kwa sababu una dawa. Kama unatumia insulini, usiruke mlo bila kumwuliza daktari, maana sukari ikishuka sana inaangusha mtu kama ikipanda, na inaua. Na mtoto anayekua, mama mjamzito na mama anayenyonyesha, msiwawekee hesabu za watu wazima wanene. Biriani hujaiaga. Umeaga sinia nzima.

Na wewe unayecheka, acha. Kwetu tumezoea kuona unene kuwa ni heshima: mume akiwa na tumbo, tunasema kazi inamlipa, mke akinenepa, tunasema anatunzwa vizuri, akikonda, majirani wananong'ona juu ya mume wake. Kwa maneno hayo tumewafanya wagonjwa wengi wafiche ugonjwa wao na kula mbele za watu kile kinachowaua. Anayemlazimisha mwenye sukari kuongeza sahani, akisema ni dharau kukataa, hakumkirimu mgeni. Amemdhuru.

NNE: HESABU AMBAYO SIMU HAIIJUI

Ndugu msomaji, hapa ndipo nilipotaka tufike. Ukihesabu kalori za boksi, umehesabu safu moja tu ya daftari. Ziko safu nyingine mbili, na hizo utaulizwa juu yake kabla hujaulizwa juu ya mafuta ya tumbo. Mwisho wa Surat at-Takathur tunajulishwa kwamba siku ile tutaulizwa juu ya neema. Biriani ni neema.

Safu ya pili ya daftari: franka za boksi zimetoka wapi?

Yule yule al-Miqdam (r.a.) aliyetupokelea hadithi ya thuluthi ya tumbo, ametupokelea pia, katika Bukhari, kwamba hakuna aliyekula chakula kilicho bora kuliko alichokitolea jasho la mikono yake, na kwamba Nabii Daudi (a.s.) alikuwa akila kwa kazi ya mikono yake. Sahaba mmoja, hadithi mbili: moja juu ya kiasi cha chakula, nyingine juu ya chimbuko lake. Usishike moja ukaiacha ya pili.

Sisi ni watu wa mizani. Nenda Musompo, kwenye barabara ya Likasi, utaona mji unaishi kwa mizani. Mchimbaji ameshuka shimoni, amepanda na gunia, amelipia usafiri, amefika kwenye depo. Hapo gunia linapimwa uzito, na mashine inapima kiasi cha shaba au kobalti ndani ya jiwe. Malalamiko ya wachimbaji juu ya mizani na mashine hizo yamesikika miaka mingi: kwamba kilo zinapungua, na kiwango kinachosomwa ni cha chini kuliko kile kilichomo. Surat al-Mutaffifin inaanza kwa onyo kali kwa watu wa namna hiyo, wanaotaka kutimiziwa wanapopokea, na wanaopunguza wanapowapimia wengine.

Sasa mfikirie mtu huyu. Mchana amepunguza kilo tatu za mwenzake kwenye mizani. Jioni anafungua boksi na kupima gramu za wali wake kwa uaminifu mkubwa, asije akapitisha kalori. Anajua kupima, kumbe. Anajua kwamba gramu chache zina maana. Anajua kwamba kidogo kikirudiwa kila siku kinakuwa mlima. Kwa nini elimu hiyo yote inaanza mdomoni kwake na kuishia tumboni kwake? Muslim amepokea kutoka kwa Abu Huraira (r.a.) kisa cha msafiri mwenye vumbi na nywele zilizotimka, anayeinua mikono mbinguni akimwomba Mola wake, ilhali chakula chake ni cha haramu, kinywaji chake ni cha haramu, na vazi lake ni la haramu. Mtume (s.a.w.) akauliza mtu wa namna hiyo atajibiwa vipi. Tonge la haramu lina kalori zilezile kama la halali. Simu haiwezi kuzitenganisha. Lakini dua inazitenganisha.

Si wa depo peke yao. Mwenye duka, dereva anayeuza mafuta ya gari ya tajiri wake, karani anayetaka kitu kidogo ili aweke muhuri, mwajiri anayechelewesha mshahara wa mlinzi wake, na mimi na wewe: kila mmoja aitazame mizani yake kabla ya kupiga simu kuagiza. Na anayeagiza kwa deni, wakati ada ya shule ya watoto haijalipwa, naye ajue amekula kitu cha mtu. Israfu si mafuta peke yake. Kutumia usichokuwa nacho kwa ajili ya harufu ni israfu pia.

Safu ya tatu: nani anainusa?

Mabati yetu yamekaribiana. Boksi likifunguliwa kwako, limefunguliwa kwa jirani. Abu Dharr (r.a.) aliusiwa na Mtume (s.a.w.) kwamba anapopika mchuzi azidishe maji yake na awakumbuke jirani zake. Tafakari usia huo. Hakuambiwa anunue nyama nyingine. Aliambiwa azidishe maji. Mchuzi wenye maji mengi umepungua mafuta kwa kila bakuli, na umefika nyumba nyingi zaidi. Ufundi uleule unaompunguzia mla kalori ndio uliomfikishia jirani haki yake.

Na Ibn Abbas (r.a.) amepokea kwamba si muumini yule anayeshiba na jirani yake wa ubavuni ana njaa. Usifikiri njaa iko mbali, Ituri na Kivu peke yake. Mwaka 2024 ripoti za usalama wa chakula zilizotolewa na serikali pamoja na mashirika ya Umoja wa Mataifa zilihesabu zaidi ya watu milioni 25 katika Kongo yetu walio katika shida kubwa ya chakula. Nchi ina maji, ina ardhi, ina mvua, ina shaba na kobalti ambayo dunia nzima inaitaka, na mtu mmoja kati ya wanne au watano hana uhakika wa chakula chake. Baadhi yao wanalala katika uwanja mmoja na wewe. Watoto wao wanamjua wewa wa biriani kwa mlio wa pikipiki yake.

TANO: NJIA MOJA YA KUZILIPA HESABU ZOTE

Watu wanatafuta njia ya kupunguza kalori. Wengine wanakula nusu ya boksi na nusu inachacha mpaka asubuhi, inatupwa kwenye jalala. Huyo amepunguza mwili na ameongeza dhambi. Chakula kilichotupwa hakikumnenepesha mtu, lakini kitashuhudia.

Njia yetu iko katika Bukhari na Muslim, kutoka kwa Abu Huraira (r.a.): chakula cha wawili kinawatosha watatu, na cha watatu kinawatosha wanne. Soma tena hesabu hii ukiwa na boksi mbele yako. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kupunguza kwa kugawa. Ukimgawia mwenzako nusu, umeondoa nusu ya kalori zako bila kutupa hata punje. Sukari yako imepumzika. Mwenzako amekula. Jirani hakukunja moyo. Na wewe umeandikiwa sadaka kwa kitu ambacho daktari alikuwa amekwisha kukukataza. Ni biashara gani Kolwezi inayolipa hivi?

Basi fanya hivi, wewe uliye na uwezo wa kuagiza:

1. Agiza pungufu kuliko macho yanavyotaka. Macho hayana thuluthi.

2. Boksi likifika, usile kutoka ndani ya boksi peke yako mbele ya televisheni. Limwage kwenye sinia, ita watu wa nyumbani, semeni bismillahi, kila mmoja ale kwa mkono wa kulia na kilicho mbele yake, kama Mtume (s.a.w.) alivyomfundisha kijana Umar bin Abi Salama. Mlaji wa peke yake hajui ameshiba lini. Kwenye sinia la wengi, haya inakuzuia kabla ya tumbo.

3. Kabla mkono wa kwanza haujaingia, toa fungu la jirani. Kabla, si baada. Kinachotolewa mwanzo ni zawadi. Kinachotolewa mwisho ni makombo. Chagua naye kwa siri: mjane, mzee, mgonjwa, familia ya mchimbaji ambaye shimo lilimfunika. Mpelekee kwenye bakuli lenye kifuniko, kwa mkono wa mtoto wako, ili mtoto ajifunze. Naye jirani asiwe Mwislamu tu. Jirani ni jirani.

4. Sambaza mezani kitu cha kwetu pamoja na cha Mhindi: lenga-lenga, matango, machungwa. Tumbo likijaa mboga, wali unatafuta nafasi yake na kuikosa.

5. Baada ya kula, usilale. Tembea kwenda kusali Isha msikitini. Kila hatua inachoma makala kidogo, na kila hatua ina thawabu.

6. Siku za Jumatatu na Alhamisi, anayeweza na afunge, kwa sunna. Mwenye sukari aulize kwanza kwa daktari. Lakini usifunge mchana ukalipa kisasi usiku.

Na wewe ndugu yangu ambaye karatasi hii imekufikia na mwezi huu hakuna boksi, kuna bukari na mboga, na siku nyingine hakuna hata hiyo, usione kwamba maneno haya si yako. Usijidharau mbele ya wenye maboksi. Nyumba ya Mtume (s.a.w.) ilipitisha miezi bila moto kuwashwa jikoni, chakula chao kikiwa tende na maji, na ilikuwa nyumba bora kuliko zote. Haki yako kwa jirani mwenye uwezo ni haki, si ombaomba. Ukiletewa bakuli, lipokee na uombee dua. Na siku yako ya mshahara ikifika, usisahau harufu ilivyokuwa ulipokuwa upande wa pili wa ukuta.

HITIMISHO

Ndugu msomaji, kula. Kula biriani ukiipata, ifurahie, uisifu, umshukuru Allah na umshukuru mpishi wake Mhindi, kwa sababu asiyewashukuru watu hajamshukuru Allah. Hesabu pia, kama mwili wako unahitaji hesabu. Usiogope kuhesabu. Ogopa kuhesabu safu moja ukaziacha mbili. Ukimaliza kuuliza, "Ina kalori ngapi?", uliza, "Imetoka wapi?", kisha uliza, "Nani mwingine amekula?" Majibu matatu yakiwa mazuri, lala usingizi wako.

Ewe Mola wetu, turuzuku vya halali na utubarikie katika vichache. Yape nguvu mizani ya haki katika masoko yetu na machimbo yetu. Waponye wagonjwa wetu wa sukari na wa tansio na wa kila ugonjwa. Wahifadhi walio chini ya ardhi muda huu wakitafuta riziki, na uwarejeshe kwa watoto wao. Washibishe wenye njaa katika Kongo yetu, mashariki na magharibi, na utufanye sisi kuwa sababu ya kushiba kwao. Utupe amani katika nchi yetu. Amin, ya Rabbal alamin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum wa rahmatullahi wa barakatuh.

Tafadhali: karatasi hii ina jina la Allah. Usiitupe chini, usifungie sambusa. Ukimaliza kuisoma, mpe jirani.